Mlio wa Jani la Tatu

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Kibondo kwenda Kasulu kumwona mjukuu aliyezaliwa. Tulipokaribia bonde la Malagarasi, gari tulilopanda likaanza kutoa mlio upande wa nyuma, mlio mdogo tu, kama mtu anayevunja kijiti chini ya blanketi. Dereva akashuka, akagongagonga springi kwa spana, akarudi anafuta mikono. "Hakuna shida, mama. Tutafika tu." Nikamwambia mimi sipandi mpaka aingie chini aangalie vizuri. Vijana waliokuwa nyuma yangu wakaguna. Nikaketi juu ya begi langu kando ya barabara, nikikumbuka jambo lililopita zaidi ya miaka arobaini, mpaka yule dereva akaona haya, akatandika gunia, akalala chali chini ya gari.

Springi ilikuwa nzima. Bolti moja tu ilikuwa imelegea. Walinicheka hadi Kasulu. Sikuwaeleza kitu, maana safari ilikuwa fupi na habari yenyewe ni ndefu. Wewe nitakueleza, kwa kuwa umekaa na huna haraka.

Nyumbani kwetu kulikuwa pembeni mwa mji wa Kibondo, pale nyumba zilipokwisha na mashamba ya mihogo yakaanza. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Asubuhi za kule zilikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Ukungu ulilala juu ya mihogo mpaka jua lipande, na sisi watoto tuligombania nafasi karibu na mafiga ambako Bibi alikuwa anakoroga uji wa mtama. Harufu ya nyumba ile naikumbuka kuliko sura yake: mihogo iliyovundikwa, moshi, maharage yanayochemka tangu alfajiri, na juu ya yote hayo, grisi. Baba alikuwa fundi wa magari. Mashati yake yote, hata lile la kanisani, yalinuka grisi, na Mama alikuwa ameshakata tamaa ya kuyafua.

Zamani Baba hakuwa fundi, alikuwa dereva. Aliendesha lori la mwenye duka mkubwa wa pale mjini, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Pwani na ambaye Kiswahili chake sisi Waha tulikisikiliza kama watu wanaosikiliza kinanda. Utingo wa lori hilo alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama. Walikuwa wakienda Uvinza kuchukua chumvi, na waliporudi tulijua kwa honi tangu wakiwa mbali. Siku moja, nikiwa na miaka sita, walikuwa wanarudi na mzigo mzito. Wakiteremka kuelekea Malagarasi, springi ya nyuma ikakatika. Lori likavutwa upande, likaacha barabara, likalala. Baba alitoka na michubuko. Mjomba alikuwa amekaa juu ya magunia, na magunia yalimwangukia. Wauguzi wa hospitali ya Kabanga waliokoa maisha yake, lakini mguu wa kulia ilibidi ukatwe chini ya goti.

Baba aliwaeleza watu wote kwamba springi ilikatika ghafla, bila dalili yoyote. Hakuna aliyemlaumu. Hata hivyo hakushika tena usukani. Akawa anatengeneza magari ya wengine, akiyasogeza uani kwa kuyasukuma. Mjomba alihamia kwetu, akajifunza kushona viatu, akakaa barazani na sindano yake kubwa na uzi wa nta, na hakupanda tena gari la aina yoyote, hata la wagonjwa. Wawili hao walizungumza kila siku: mvua, maharage, bei ya ngozi. Siku ile hawakuigusa. Bibi alizoea kusema, "Nyumba yenye neno lililomezwa haikosi kikohozi." Mimi nilidhani anazungumzia moshi.

Sasa, mwenye duka alikuwa na gari bovu nyuma ya ghala lake. Liliachwa na mzungu mmoja aliyeondoka muda mfupi baada ya Uhuru: gari jeusi la zamani, bodi yake imebenuka juu ya magurudumu kama mabega, taa zimetokeza kama macho ya chura. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Binti yake alipoposwa na kijana wa Kasulu, mwenye duka aliapa kwamba mwanawe hatapelekwa kwa mume juu ya magunia. Akaja kwetu jioni moja, akamwomba Baba alifufue lile gari, na siku ya harusi aliendeshe yeye mwenyewe.

"Sina dereva mwingine nimwaminiye na mwanangu," alisema.

Nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Nilimwona Baba akimtazama Mjomba, na Mjomba akiinamia kiatu kama mtu asiyesikia. Mwishowe Baba akasema atalitengeneza. Kuhusu kuliendesha hakujibu, na mwenye duka, kwa adabu yake, hakumbana.

Injini ilimchukua miezi miwili. Kisha breki, kisha viti, ambavyo Mjomba alivishona upya kwa ngozi ya ng'ombe. Springi Baba aliziacha mwisho kabisa. Kama hujawahi kuiona, springi ya gari la zamani ni vyuma vipana vilivyopinda kama upinde, vinapangwa kimoja chini ya kingine, kirefu juu na vifupi chini, halafu vinabanwa katikati kwa bolti moja. Mafundi huviita majani. Gari lile lilikuwa na majani matano kila upande, yote yameshikana kwa kutu, na mawili ya upande wa kulia, la pili na la tatu, yalikuwa yamelala, yamechoka kubeba. Spea siku hizo zilikuwa adimu kama wali wa daku. Kilichokuwepo ndicho cha kutengenezwa.

Siku ya kuzifungua, Baba alibana springi nzima kwenye jiliwa lake kubwa, kile kibanio cha chuma cha kukaza kwa skrubu, kabla ya kugusa bolti ya katikati, akatufukuza wote uani. "Chuma hiki kina hasira," alisema. "Kimekunjwa miaka yote hii, kikipata nafasi kitampiga mtu." Tulichungulia kwenye ufa wa mlango. Nati ilipotoka, majani yaliruka ndani ya jiliwa kwa kishindo kilichowapandisha kuku juu ya paa. Baba alikuwa amelowa jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Kazi ya kusugua kutu ikawa yetu, mimi na Mama, baada ya shule na shamba. Tulisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, na msasa ulipokwisha tukatumia mchanga na kipande cha gunia kilicholoweshwa mafuta ya taa. Mikono yetu ikawa na rangi ya udongo wa barabarani. Hata ugali wa muhogo ulikuwa na ladha ya chuma wiki ile. Lakini majani yalipoanza kung'aa, ya kijivu, yenye mistari myembamba ya msasa, Mama alisimama akayatazama akasema ni mazuri kuliko sufuria mpya.

Kisha Baba aliyaning'iniza moja moja kwenye boriti, akayagonga kwa nyundo ndogo. Jani zima likigongwa huimba: ngiiii, mlio unaokwenda mpaka usijue umeishia wapi. Lenye ufa husema ngi, likanyamaza. Masikio ya Baba yalikuwa yameliwa na injini ya lori, kwa hiyo alinisimamisha karibu yake. "Wewe sikiliza. Likikoma mapema, niambie." Nilikuwa darasa la nne, na hakuna aliyewahi kunipa kazi kubwa kama ile. Yote kumi yaliimba.

Bado hakuridhika. Aliyapaka mafuta ya taa, akayafuta mpaka yakakauka, akanyunyizia unga wa chaki aliyoiomba kwa mwalimu wangu, ambaye alikuwa jirani yetu. Penye ufa, hata kama jicho haliuoni, mafuta yaliyojificha ndani hutoka polepole na kuchora mstari kwenye chaki. Mwalimu mwenyewe alikuja kutazama, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani. Hatukuona mstari wowote. Baba alicheka kwa sauti siku ile.

Yale mawili yaliyochoka yalihitaji kupashwa moto na kukunjwa upya. Mhunzi aliyeaminika alikuwa kijiji cha Kitahana, mzee wa Kirundi aliyevuka mpaka na mkewe miaka kadhaa nyuma, akiwa na nyundo mbili na bila kitu kingine. Kirundi chake na Kiha chetu ni kama mtu na nduguye, kwa hiyo hakuwa mgeni sana kwetu. Alisema maji ni ya majembe, springi inataka kuzimwa kwa mafuta, tena mengi. Oili chafu haikutosha. Baba akanunua madebe mawili ya mawese kutoka kwa wachuuzi wa ziwani, na Bibi alishika kichwa. "Sisi tunakula maharage makavu, nyie mnakaanga vyuma!"

Jumamosi moja nilikwenda Kitahana na Baba, kazi yangu ikiwa kuvuta mivukuto. Unajua, watoto wa sasa hawajui raha ile: ngozi mbili za mbuzi zinapanda na kushuka mikononi mwako, na moto unakoroma kila ukibonyeza. Mhunzi alitoa jani la tatu likiwa jekundu, akalikunja juu ya gogo kwa mapigo madogo madogo, akilipima na kijiti alichokata Baba. Lilipopata umbo, akalilaza juu ya mchanga, waende yeye na Baba kuliburuta pipa la mafuta kutoka nyuma ya kibanda, maana lilikuwa zito. Kisha wangelirudisha motoni kidogo na kulizamisha.

"Usiliguse," Baba aliniambia. "Hata tone la maji."

Kibuyu changu cha maji ya kunywa kilikuwa pale pale. Nataka uelewe kwamba sikuwa mtoto mkaidi. Lakini nilikuwa nimemwona mhunzi akizamisha majembe mekundu kwenye maji, nikasikia chwaaa, nikaona wingu jeupe likiruka, na sauti ile ilikuwa imenikaa moyoni tangu asubuhi. Nilichota maji kwa kiganja, nikayamwaga katikati ya jani. Chwaaa. Wingu likaja usoni. Na ndani ya wingu lile nikasikia kitu kingine. Tik. Kidogo sana, kama kucha juu ya kikombe.

Waliporudi jani lilikuwa halina alama yoyote. Wakalipasha, wakalizamisha, kibanda kizima kikanuka mawese yaliyoungua, na Baba akanisifu kwa kuvuta vizuri.

Tangu hapo sikuwa na raha. Nyumbani Baba aliyagonga tena yale mawili. La pili liliimba. La tatu lilisema ngiii, likakoma, kabla kidogo ya wakati wake. Baba alinitazama.

"Vipi?"

Nilikuwa na nafasi hiyo, na niliiona. "Linaimba," nikasema.

Chaki hakurudia, alikuwa ameshayapima yote, na siku zilikuwa zimebana. Yakapakwa rangi nyeusi mara mbili, yakaanikwa juani. Betri kuukuu za tochi zikavunjwa, vijiti vyeusi vya ndani vikatwangwa kwenye kinu kibovu, unga wake ukachanganywa na grisi na kupakwa kati ya jani na jani ili yateleze bila kulia. Yakabanwa, yakafungwa chini ya gari. Nikawa sili. Bibi alisema nina minyoo, akanichemshia mizizi michungu kama nyongo, nami nikainywa yote bila kulalamika kwa sababu niliona ninastahili. Usingizini nilikuwa nasikia tik.

Na Baba akakubali kuendesha. Alilitamka jambo hilo wakati wa chakula, akiangalia ugali. Mjomba akasema, "Ni vizuri, shemeji," akanawa mikono, akaondoka kabla hajashiba.

Harusi ilikuwa Jumapili. Siku hizo, ili kuokoa mafuta, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo ilibidi waondoke asubuhi wawahi. Nikaha ilikuwa imefungwa jana yake kwa mwakilishi wa bwana harusi. Kilichobaki ni kumfikisha bibi harusi Kasulu, ambako walikuwa wamechinja na wanapika. Gari liliegeshwa mbele ya duka, jeusi, linang'aa mpaka unaweza kujitazama. Nusu ya mji ilikuwa pale. Bibi harusi alitolewa akiwa amefunikwa, ananukia udi. Mimi nilimpenda binti yule. Alikuwa ananipa vipande vya utepe dukani kwao. Akaingizwa nyuma pamoja na somo yake na shangazi yake. Mama naye alikuwa miongoni mwa wasindikizaji, na mdogo wangu wa kunyonya alikuwa mgongoni kwake. Mwenye duka alikaa mbele. Baba akashika usukani. Mjomba alikuwa ameegemea ukuta wa duka, fimbo yake ya kwapani imejikita mavumbini.

Mama alikuwa wa mwisho kupanda. Alipoingia, gari lilishuka kidogo, springi zikapokea uzito. Nilisikia sauti yangu kabla sijajua kwamba nimeamua.

"Baba, shukeni! Nililimwagia maji!"

Watu wakageuka. Baba akatoa kichwa dirishani. "Unasema nini?"

"Jani la tatu. La kulia. Kule Kitahana, lilikuwa jekundu, nikalimwagia maji. Likalia."

Mwenye duka akapiga kiganja kwenye mlango. "Ala! Mtoto huyu ana nini leo? Fundi, twende zetu, saa tatu hii. Watu wa Kasulu washapika."

"Siendi, mzee."

"Wanifanyia nini wewe? Mbele ya watu wote hawa? Tukichelewa hapa, saa nane itatukuta njiani, tutalala porini na bibi harusi!"

"Nalifungua," alisema Baba, akashuka. "Nisamehe. Nalifungua sasa hivi."

Shangazi wa bibi harusi akasema kwa sauti kwamba watoto wengine hupenda kutazamwa tu. Kukawa na minong'ono. Hapo ndipo bibi harusi mwenyewe, ambaye siku hiyo hakutakiwa kutoa neno, alisema kutoka ndani ya buibui lake, "Baba, mwache fundi afungue. Mie sikai humu." Akafungua mlango akatoka, na wengine wakamfuata.

Jeki ililetwa, jiliwa likaletwa kwa mkokoteni. Baba alifanya kazi kwa zaidi ya saa nzima na hakuna aliyeondoka. Nilikaa chini ya dirisha la duka nikiwa nimekumbatia magoti, na kila aliyepita alinitazama. Nilianza kuomba ufa uwepo, kisha nikaogopa maombi yangu mwenyewe. Jani la tatu lilipotoka, Baba alilisugua rangi kwa petroli mpaka likabaki jeupe. Akalipaka mafuta ya taa, akasubiri, akalifuta. Mwalimu alikuwa ameshakimbia kuleta chaki, akaitwanga kwenye karatasi. Baba akanyunyizia.

Kwa muda hapakuonekana kitu. Mwenye duka akatoa saa yake mfukoni. Halafu mstari ukajichora katikati ya jani, polepole, mwembamba kama unywele, kutoka ukingo mmoja karibu ufike wa pili.

Alilibana lile jani kwenye jiliwa, akachukua nyundo kubwa, akalipiga mara moja. Likakatika vipande viwili. Kipande kimoja kikaruka mpaka miguuni pa bibi harusi, na wanawake wakapiga kelele. Mama alikaa chini palepale mavumbini, akamtoa mtoto mgongoni, akampakata.

Baba alinijia. Nilifunga macho nikingoja kofi.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilidhani labda halina neno," nikasema. "Nilidhani mtafika tu."

Watu walikuwa wameanza kunisifu, mwalimu akisema mtoto huyu ameokoa roho za watu. Baba akainua mkono wanyamaze. Akageuka kwa Mjomba aliyekuwa bado ukutani.

"Shemeji," akasema. "Siku ile niliisikia."

Mjomba akainua uso.

"Kabla ya mteremko. Ililia mara mbili. Nilikuwa nimechoka, nikasema tutafika tu. Sikushuka kuangalia. Nimewadanganya watu wote, na wewe nimekudanganya miaka minne."

Mjomba alimtazama Baba, akatazama vile vipande viwili vya chuma. Kisha akaweka fimbo yake sawa kwapani, akaondoka kuelekea nyumbani. Tulisikia fimbo ikigonga mawe mpaka alipopinda kona. Mwenye duka akarudisha saa mfukoni, akasema kwa upole ambao sikuutegemea, "Haya. Shusheni mizigo. Kesho nayo ni siku."

Baba alinipakia kwenye baiskeli ya mwalimu tukaenda Kitahana. Mhunzi alisikiliza habari yote, akaingia ndani, akatoka na kipande cha springi ya lori alichokuwa amekiweka cha kutengenezea majembe. Akakikata, akakipasha, akakikunja. Mimi nilivuta mivukuto mchana kutwa, na mikono ilipasuka. Alipoona kibuyu changu, yule mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwana wanje," akaniita, yaani mwanangu, "maji hayo kunywa wewe. Chuma hakina kiu." Jani jipya lilipimwa kwa chaki mara mbili. Baba aliponiuliza linaimbaje, nilimwomba aligonge tena, na tena, mpaka nikawa na hakika.

Mjomba hakuja kula jioni ile. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Mama alimwekea chakula kizingitini, na asubuhi tulikikuta vilevile, chungu wametanda.

Alfajiri ya Jumatatu Baba alikuwa chini ya gari peke yake, anafunga springi. Kazi ile inataka watu wawili, mmoja ashikilie bolti juu, mwingine akaze chini, na alikuwa anaangusha spana kila mara. Nilikuwa nimeshika taa. Nikasikia fimbo. Mjomba alikuja mpaka ubavuni mwa gari, akaketi chini kwa shida, akaiweka fimbo kando, akajiburuta ndani kwa viwiko. Nje palibaki miguu mitatu.

"Kaza," nikamsikia akisema. "Kaza tena. Bado."

Walipotoka hawakutazamana. Bibi harusi alipopakiwa mara ya pili, Mjomba alifungua mlango wa mbele, akamwomba mwenye duka asogee. Akaketi, fimbo kati ya magoti, jasho linamtiririka, anashikilia dashibodi kwa mikono miwili.

"Wewe angalia barabara," alimwambia Baba. "Kusikiliza nitasikiliza mimi."

Wakaondoka. Sisi tuliobaki tulikaa siku mbili bila habari yoyote, maana simu ilikuwa posta tu na ya kwao Kasulu ilikuwa mbovu. Bibi alikwenda barabarani mara tano akisingizia kuni. Nilifanya kazi zote nilizotumwa na ambazo sikutumwa. Jumanne alasiri tulisikia honi ng'ambo ya mihogo, ndefu, kama za zamani. Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu kimoja.

Mama alishuka anacheka. Kumbe Kasulu waliwakuta watu wamekwishakula pilau yote Jumapili, na maneno yameenea kwamba bibi harusi ametoroka. Ilibidi kuku watafutwe upya nyumba kwa nyumba. Nikamuuliza Mjomba kama springi ililia. Akajikuna kichwa. "Sijui," akasema. "Nilipitiwa na usingizi kabla hatujafika Makere. Nimekuja kuamshwa Kasulu."

Kama walisameheana kwa maneno, mimi sikuwepo. Nilichosikia ni kwamba jioni ile, barazani, kwa mara ya kwanza walizungumza siku ya ajali. Walibishana. Mjomba alisema lori lilipinduka kona ya kwanza ya mteremko, Baba akasema hapana, ni ya pili, penye mti uliochomwa. Wakachora barabara mavumbini kwa fimbo, wakaifuta, wakachora tena. Mama aliwaambia wapunguze sauti, watoto wamelala.

Sasa kilipokuwa kibanda cha mhunzi pamelimwa mahindi, na wajukuu zake ni Watanzania wenye maduka. Lile gari jeusi liliuzwa, likauzwa tena, halijulikani liliko. Bibi harusi yule ana vitukuu. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi sijaiona tena popote, wala mtu anayetwanga betri kutengeneza grisi, na mawese tunakula wenyewe. Barabara wameipanua na kuinyoosha, vilima wamevikata, na mteremko ule wa Malagarasi dereva anaushuka huku anaongea na simu. Baba alitangulia, Mjomba hakumaliza mwaka baada yake. Ni kona ya kwanza au ya pili, mpaka leo sijui, na hao wawili ndio waliokuwa wanajua.